Mfuko wa Leso

4 Juni

Kaka Mkasi,

Mama ni mzima, goti lake ni lilelile na swali lake ni lilelile: mwisho wa mwaka unakuja au huji? Nilimwambia umeandika kwamba unakuja. Akaniuliza, "Alikuwa ameshika sikio?" Nikamwambia mama, barua haina masikio. Alicheka mpaka akakohoa. Hajasahau kwamba tangu utotoni huwezi kusema uongo bila kushika sikio kwanza, na sahani zote zilizovunjika nyumbani zilikuumbua kwa njia hiyo.

Sasa ya kazini. Ile tume mpya ya kuchunguza kifo cha Waziri imeanza, na mimi ndiye karani wake wa kupiga chapa. Kwenye fomu niliandika wazi kwamba miaka kumi na moja iliyopita nilikuwepo, nimesimama mbele ya jukwaa siku ile ya kufungua kiwanda cha nguo, na kwamba niliandikisha maelezo polisi kisha nikayabadilisha. Nadhani hakuna aliyeisoma fomu. Walichotaka ni kasi ya vidole.

Tunakaa ghorofa ya pili ya posta ya zamani. Mwenyekiti ana meza ndefu, mimi nina meza fupi chini ya dirisha lisilofungika. Mpiga tarumbeta wa bendi ya kiwanda, yule aliyefungwa maisha, huletwa kila asubuhi na askari wawili. Amekonda, lakini bado anakaa wima kama mtu anayesubiri zamu yake ya kupuliza. Mkewe hukaa kiti cha nyuma kabisa na mkoba mapajani. Tume ikisema hukumu ilikuwa na kasoro, mtu huyo anatoka. Ikisema haikuwa na kasoro, hakuna mlango mwingine wa kugonga.

Mpaka leo nimepiga chapa maelezo ya mashahidi tisa. Wote tisa wanasema risasi ilitoka kulia, yaani kulia kwetu sisi tuliolitazama jukwaa, kwenye pazia la turubai waliposimama walinzi. Mwenyekiti anawasikiliza hadi mwisho, kisha anainua picha zilizokuzwa kutoka kwenye filamu yako. Waziri yuko karibu, uso na kifua tu, anaanza kuanguka, na moshi na mkono wenye shati jeupe vinatokea ukingo wa kushoto. Kushoto ilikaa bendi. "Macho ya watu huchoka," anasema, "kamera haichoki." Basi shahidi anashuka akitazama viatu vyake. Nawaonea huruma, maana nami nilitazama viatu vyangu hivyohivyo.

Jana alikuja fundi cherehani aliyeishona suti ya Waziri. Alipewa picha aitambue ile suti. Akavaa miwani, akaitazama, akavua, akaifuta, akatazama tena. Akasema, "Hii si kazi yangu. Mfuko wa leso uko upande wa kulia wa mvaaji. Mimi naushona kushoto, na kila fundi duniani anaushona kushoto." Mwenyekiti akamwambia labda siku hiyo alichoka. Ukumbi ulicheka. Fundi hakucheka, akaomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, nami nikayaandika.

Wewe ndiye uliyeikata filamu ile kwa mikono yako. Hebu nieleze mimi nisiyejua kitu, inakuwaje mfuko uhame?

Mdogo wako,
Kushoto

11 Juni

Kushoto wangu,

Mwambie mama nakuja, na sikio langu liko salama. Huku milimani baridi imeanza, na studio yangu inajaa watu wanaotaka picha za pasipoti. Kila mmoja anakaa mbele ya kamera na uso wa kuomba msamaha. Nawaambia cheka kidogo, hukumu bado.

Nimecheka kuona kwamba ni wewe unayeniuliza habari za kulia na kushoto. Wewe ambaye mpaka leo ukiambiwa pinda kulia unatazama kwanza mkono unaoandikia! Jambo lenyewe ni dogo. Anayekuza picha huweka filamu kwenye mashine yake. Akiiweka kifudifudi, picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Fundi wenu kaonyeshwa kazi ya mtu mvivu, basi. Leso nyeupe yenye ukingo wa bluu itakaa upande wowote ule, kutegemea nani alikuwa na haraka ya kwenda kula mchana. Filamu yenyewe haina neno. Mwambie mzee asijisumbue.

Nawe pia usijisumbue. Bahasha yako imefika na gundi mara mbili, moja yako na nyingine ya mtu nisiyemjua. Piga chapa unachoambiwa, kunja karatasi, nenda nyumbani kwa mama. Ulishawahi kujiingiza katika jambo hili ukiwa msichana, ukaona lilivyokutoa jasho. Kukosea si dhambi. Ulikosea, ukarekebisha, yakaisha.

Kakako,
Mkasi

19 Juni

Kaka,

Barua hii nampa dereva wa gari la magazeti, kwa hiyo gundi itakuwa yangu peke yangu.

Nilitaka sana kukuamini. Nilimwendea mwonyesha filamu wa tume, mzee mmoja mpole ambaye hakuna anayemsemesha, nikamwomba aniwekee filamu wakati wenzetu wamekwenda kula. Sikumwomba picha zilizokuzwa. Nilimwomba filamu yenyewe, ile unayosema haina neno. Akafunga mapazia, akanionyesha mara sita.

Mwanzoni Waziri anaonekana kwa mbali na jukwaa lote. Bendi iko kushoto kwetu, pazia la walinzi kulia, na alama nyeupe ya leso iko pale fundi alipoushona mfuko. Kisha inakuja picha ya karibu, na leso imehama. Moshi, mkono, anaanguka. Kisha picha ya mbali tena, watu wanakimbia, wamemlaza, na leso imerudi kwake. Yule mzee akaniambia, "Bibie, miaka yote naionyesha filamu hii na wote tunatazama moshi. Hakuna aliyetazama koti."

Kwa hiyo si mtu wa kukuza picha, kaka. Kipande hicho kimoja kimegeuzwa ndani ya filamu. Na kama kimegeuzwa, moshi ulitoka kulia. Mashahidi wote walikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi.

Nataka ukumbuke siku ile jikoni kwako. Nilitoka polisi nikaja moja kwa moja, ulikuwa unakoroga chai. Nikakwambia nimewaeleza nilichokiona: mkono ulitoka kwenye pazia la walinzi. Ukaendelea kukoroga. Halafu ukaniambia, "Umechanganya. Ulikuwa unalia, watu wanasukumana. Filamu nimeikata mimi, ni kushoto." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nakuamini kuliko macho yangu. Kesho yake nikarudi polisi nikasema nilichanganya. Mwendesha mashtaka akayasoma maneno yangu mahakamani mbele ya mpiga tarumbeta, kwamba hata shahidi aliyesema kulia amejirekebisha mwenyewe. Wiki ileile ukaanza kuniita Kushoto, na nyumba nzima ikafuata, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Mpaka leo ninapovuka barabara nasimama kwanza kujiuliza. Ulinifanya nisiyaamini macho yangu kwa miaka kumi na moja na ukaligeuza kuwa utani.

Jana msaidizi wa mwenyekiti aliniuliza kwa sauti tamu, "Yule mkata filamu wa zamani, si ndugu yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi msalimie."

Nani alikigeuza kile kipande? Usinipige chenga tena.

Mdogo wako

24 Juni

Kwa Bi Karani wa Tume,

Nakuandikia wewe kwa sababu siku ile ukumbi ulipocheka nilikutazama, nawe hukucheka. Nisamehe mwandiko, mkono wangu umezoea chaki kuliko kalamu.

Juzi nilitembelewa dukani na mabwana wawili waliovaa vizuri. Walishikashika vitambaa kama wateja. Kisha mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa: fundi, ukichoka huwa unashona mfuko wa leso upande gani? Nikamjibu, nikichoka nalala. Miaka thelathini na minane sijaushona kulia, na akija mteja akitaka nimshonee kulia nitamwambia aende kwa adui yangu. Wakaniambia nifikirie vizuri, kwa kuwa nina umri mkubwa na mtu mzima husahau. Kabla ya kuondoka walisoma kila jina kwenye daftari langu la vipimo.

Nataka mambo mawili yaandikwe kabla hawajanisahaulisha. La kwanza, vifungo. Koti la mwanamume hufunga kushoto juu ya kulia. Katika ile picha ya karibu koti la Waziri limefunga kama la mwanamke. Mfuko wanaweza kusema nilikosea. Je, na vifungo navyo nilikosea, na tundu zake, na Waziri mwenyewe akalivaa bila kuona?

La pili ni la moyoni tu. Asubuhi ile nilimvalisha mimi, dukani kwangu. Leso ile nilikuwa nimeitia ukingo wa bluu kwa uzi wa kwanza uliosokotwa na mashine mpya za kiwanda. Tulikubaliana iwe siri. Niliikunja ukingo ukafichika ndani kabisa ya mfuko, nje kikabaki kijincha cheupe. Alitaka mwisho wa hotuba aitoe na kuipunga ili wafanyakazi waone uzi wao. Hakuwahi kuitoa. Koti lilichukuliwa na wapelelezi na kufungiwa, na mimi sijaona tena uzi ule, wala hakuna mtu aliyeuona. Wakati mwingine nikitunga uzi kwenye sindano namkumbuka akicheka mbele ya kioo changu, naumia sana.

Ni mimi,
Fundi wa suti

30 Juni

Mdogo wangu,

Unamwandikia kakako kama mwendesha mashtaka. Nilikulipia shule, nilikubeba mgongoni ulipougua, leo unaniuliza "nani alikigeuza" kama vile hatukunyonya ziwa moja. Acha jambo hili. Sisemi kwa ajili yangu. Wanaosoma barua zako hawana utani, na mama yuko nyumbani peke yake mchana kutwa.

Mkasi

3 Julai

Kaka,

Tume inafunga tarehe 18. Leo mke wa mpiga tarumbeta alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza kama mashine yangu inaandika kila kitu au wananichagulia. Nilimwambia inaandika kila kinachosemwa. Akasema, "Basi tunasubiri mtu aseme."

Nimekutumia maneno yake bila kuongeza langu.

Mimi

9 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa na karatasi hii siku tatu, wateja wa pasipoti nawafukuza. Nitakwambia.

Nilikigeuza mimi.

Nisikilize kabla hujaikunja barua. Kazi yetu ina desturi moja ambayo mtu wa nje hawezi kuijua. Ukiwa na picha mbili za mtu mmoja, moja anatazama kulia na nyingine anatazama kushoto, ukiziunganisha hivyohivyo mtazamaji anaona kichwa kimeruka, anadhani filamu imekatika. Basi unachukua kipande kimoja unakigeuza, upande wenye dawa ya picha unakuwa chini, na mtu wako anatazama upande mmoja mwanzo hadi mwisho. Tulifanya hivyo kila wiki, kwa wacheza mpira, kwa wageni wa serikali, kwa ng'ombe wa maonyesho. Mwalimu wangu alinipigia makofi mara ya kwanza nilipofanya bila kuambiwa.

Katika picha ya mbali Waziri anatazama kulia, kwenye lango la kiwanda. Katika ile ya karibu bendi imemchekesha, anatazama kushoto. Mkono wangu ukafanya kazi yake. Nilikata, nikageuza, nikabandika. Nilikuwa nalia na bado mkono ulikata vizuri. Sikuwa natengeneza ushahidi, nilikuwa natengeneza habari ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Ilionyeshwa Jumamosi. Jumapili bastola ikaokotwa chini ya viti vya bendi, na Jumatatu filamu yangu ikawa shahidi mkuu wa serikali.

Ulipokuja jikoni ukasema kulia, nilijua palepale, kijiko kiko mkononi. Ningeweza kusema. Nikaona wakinishika mimi: kwa nini uligeuza, nani alikutuma? Nani angeamini kwamba ni desturi ya kazi? Nikakwambia umechanganya. Ulipotii, badala ya kuona haya niliona nafuu. Na jina lile nilikupa ili nyumba nzima isikuamini, nikisikia watu wanacheka napumua. Hilo ndilo linaloniamsha. Nimemwonea mtu nisiyemjua, lakini wewe nilikuwa nakujua.

Nyumba ya serikali niliyopewa mwezi ule ilikuwa zamu yangu kwenye orodha. Najua umeshaifikiria, ndiyo maana naitaja. Baada ya miaka miwili nilishindwa kukaa ndani yake nikaacha kazi nikaja huku.

Ushahidi upo. Pembeni mwa filamu, karibu na matundu, kuna namba ndogo za kiwanda kilichotengeneza filamu. Kwenye kipande hicho kimoja zinasomeka kinyume, kama kwenye kioo. Hawahitaji kuniamini mimi, wachukue lenzi watazame.

Nakuja. Tarehe 16 nitakuwa nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stendi. Mwandikie mwenyekiti kwamba nipo. Usimwambie mama mpaka nimalize.

Kakako

17 Julai

Kaka yangu,

Naiacha barua hii mapokezi kwa sababu nikipanda ngazi nikuone nitakukumbatia, na nikikukumbatia sitasema.

Asante kwa kuja. Naianza hivyo na namaanisha. Uliposimama pale na suti yako ya zamani iliyokubana mabegani, ukamwonyesha mwenyekiti mahali pa kuweka lenzi, na yeye akainama akasoma zile namba kinyume, niliona mpiga tarumbeta akifumba macho. Mkewe alifungua mkoba akaufunga, akaufungua akaufunga. Fundi alikuwa mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nilisema mimi," na safari hii hakuna aliyecheka. Ulinitazama ukasema, "Mdogo wangu aliona sawa. Nilimdanganya mimi." Niliipiga chapa sentensi hiyo huku machozi yakiangukia mashine. Kaka, nimesubiri sentensi hiyo tangu nina miaka kumi na tisa.

Halafu mwenyekiti akakuuliza lile swali. "Kabla ya kuikata filamu ile, uliitwa na mtu yeyote, ukaelekezwa, au ukaonyeshwa kitu chochote?" Ukajibu, "Hapana. Sikuitwa na mtu." Nikapiga chapa: Hapana. Sikuitwa na mtu. Akafunga faili kwa uso mkunjufu, wa kwanza kuuona kwake tangu tuanze. Na ulisikia alichosema baadaye. Kosa la kazi, la mtu mmoja, lisilo na nia mbaya. Filamu inawekwa kando. Lakini bastola iliokotwa kwenye bendi, na bastola haikukatwa na mkasi wa mtu. Kwa hiyo filamu imeanguka na mpiga tarumbeta amebaki palepale. Askari walimwinua, akarudi nao. Alipopita mezani kwangu alisema "Asante, dada," kama vile nimempa kitu.

Sasa nikuulize jambo ambalo nimelinyamazia tangu Juni, nikingoja uliseme mwenyewe.

Uliniandikia kuhusu leso nyeupe yenye ukingo wa bluu. Mimi nilikuwa nimekuandikia leso tu. Filamu haina rangi. Hukuwepo kiwandani siku ile. Na fundi ameniambia, nami ninayo barua yake, kwamba ukingo ule ulikuwa siri, umekunjwa ndani ya mfuko, na Waziri alikufa kabla ya kuitoa ile leso. Aliyeuona ni yule tu aliyeichomoa leso mfukoni baada ya kifo, au aliyesimama karibu inapochomolewa. Koti lilikuwa kwa wapelelezi, limefungiwa. Ulisimama kwenye meza gani, kaka, mbele ya koti lile? Nani alikuwa amelishika? Walikwambia nini kabla hujarudi kwenye chumba chako na mkasi wako?

Naamini desturi ya kazi ipo. Naamini hata mkono wako uliizoea. Ila siamini tena kwamba siku ile ulikwenda wenyewe. Nadhani kuna mtu aliyeijua desturi hiyo, akajua kwamba ukiulizwa utakuwa na jibu la kweli la kutoa. Na Jumamosi ile tayari alikuwa anajua bastola itaokotwa wapi Jumapili. Ukilitaja jina lake, ile bastola itaulizwa ilifikaje pale. Usipolitaja, yule bwana atazeeka kule ndani akinishukuru.

Nimemwomba mwenyekiti kiti cha shahidi kesho, kikao cha mwisho, saa tatu asubuhi. Alishtuka, akasema karani hana la kusema. Nikamwonyesha fomu yangu, ile ambayo hakuna aliyeisoma. Nitaeleza nilichokiona kiwandani, kisha nitaweka mezani barua yako ya Juni na ya fundi. Wewe ni kaka yangu na sina mwingine. Lakini ukumbi unafunguliwa saa mbili na nusu, na ukifika kabla yangu ukaomba kusema, nitarudi kwenye mashine yangu na nitapiga chapa kila neno lako, na barua zitabaki mkobani.

Usiniambie kwamba nimechanganya tena. Kwenye karatasi niliyopiga chapa leo yapo maneno yako tu, sikio halimo. Lakini uliposema "sikuitwa na mtu" nilikuwa hatua nne kutoka kwako, mchana kweupe, nakutazama. Uliinua mkono ukashika sikio. La kushoto, kaka. Kushoto kwako wewe, si kwangu. Sina shaka hata kidogo.

Dada yako